Nta Ambayo Sikuiandika

Wajukuu zangu mnaofanya kazi za kompyuta, mimi kompyuta siijui. Nalisema hili mwanzoni ili asije mtu akaniuliza habari za vitufe. Nilisoma mpaka darasa la nne nikaishia hapo, na kazi iliyonilisha mimi na wanangu ni kuendesha mashine ya kusaga. Lakini kuomba msaada kwa watu usiowajua, watu wasiolipwa na wasiolazimika kukujibu, hilo nalijua. Nililijua kwa njia mbaya.

Zuhura, mtoto wa binti yangu, anajifunza kuandika programu hapa Tabora. Juzi alikuwa barazani, kompyuta mapajani, amenuna. Nikamuuliza kulikoni. Akasema programu yake imegoma. Akaandika swali kwenye mtandao kwa watu waliotengeneza ile programu ya asili aliyoanzia, ambao wanaitoa bure na kila mtu anaruhusiwa kuifungua, kuitazama na kuirekebisha. Basi mmoja wao kamjibu vibaya.

"Kakujibuje?"

"Kasema, 'Tuonyeshe ulichoandika. Kabla haijagoma ulibadilisha nini?' Babu, kama ananishuku mimi."

"Na ulibadilisha nini?"

Akaifunga ile kompyuta. "Kitu kidogo tu, babu. Hakihusiani."

Wallahi nilijiona mimi mwenyewe pale pale, miaka yote hii imepita. Nikamwambia, mwanangu, nenda kaseme hicho kidogo sasa hivi, kabla hujanywa chai. Akaniona nimezeeka. Baadaye akaniomba niandike sababu, awasomee wenzake wa kikundi chao. Ndiyo hii. Nitapotea njia mara mbili tatu, mnivumilie, ndivyo ninavyozungumza.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Usoke, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka stesheni. Kijiji cha Ujamaa. Watu walikusanywa pale kutoka huku na huku, wengine na uchungu wa kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na waliahidiwa vitu vitatu: shule, zahanati na mashine ya kusaga. Shule ilikuja bila madawati. Zahanati ilikuja na milango, dawa zikabaki njiani. Mashine ilikuja nzima, injini ya dizeli ya kijani yenye gurudumu zito la chuma. Kwa hiyo ikawa inabeba ahadi zote tatu peke yake. Ikisaga, Ujamaa unakwenda vizuri. Ikilala asubuhi moja, utasikia watu wanakumbuka mashamba yao ya zamani.

Na mwenye kuishika ni mimi. Mtoto wa mjini, baba yangu alikuwa mshona kofia, nikateuliwa kwa kuwa nilikaa miaka miwili kwa Mzee Kitwana.

Mzee Kitwana alikuwa fundi wa injini pale Tabora, njia ya kwenda Kwihara. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, na yeye alikuwa akisema kwao kila mtu amezaliwa kubeba kitu cha mwenzake. Alinifundisha kusikiliza injini kwa mpini wa jembe. Ncha moja unaiweka kwenye chuma, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na utasikia kila kinachogonga humo ndani kama mtu anayebisha hodi. Nilipomwambia, "Mzee, nafikiri ni valvu," alinijibu, "Sijakuuliza unachofikiri. Nimekuuliza unasikia nini." Miaka miwili nilijibiwa hivyo hivyo.

Sasa daftari. Mafundi wa mashine za vijiji vya kando ya reli tulikuwa wachache, kila mmoja peke yake kijijini kwake. Vipuri hamna. Kitabu cha injini ni cha Kiingereza, na changu panya walikuwa wamekisoma kuliko mimi. Mzee Kitwana akanunua kauntabuku moja nene, akaifunga kwa nailoni, akamkabidhi gadi wa treni ya Kigoma aitwaye Sefu. Daftari likawa linasafiri ndani ya behewa la gadi, kwenda na kurudi. Treni ikisimama kwenye stesheni yenu, unakwenda kwa Sefu, unapewa, unakaa kwenye benchi unasoma matatizo ya wenzako, unajibu unachokijua, unaandika la kwako. Sefu akipuliza filimbi unarudisha. Usoke ilikuwa inasimama muda mrefu kuipisha treni ya mizigo, tulikuwa na bahati.

Hakuna aliyelipwa. Sharti la Mzee Kitwana lilikuwa limeandikwa ndani ya jalada kwa wino mwekundu: ukipata jibu hapa, rudi uandike kama limefaa au halikufaa, ili wa nyuma yako asihangaike. Mengine tulijifunza kwa kukemewa. Kulikuwa na fundi mmoja wa mjini, Hamisi, muungwana sana, ambaye salamu zake zilijaza ukurasa mzima, anauliza hali ya watoto wa kila stesheni, halafu chini kabisa, nusu mstari: "mkanda unateleza." Mzee Kitwana akamwandikia: "Hamisi, waalaikum salaam. Salamu mstari mmoja, mkanda mistari kumi." Na mimi nilipoanza nilikosea kinyume chake. Niliandika: "Mashine haiwaki. Nisaidieni haraka sana."

Treni iliporudi nikakuta majibu mawili. La Mzee Kitwana: "Haraka ni yako, si yetu. Shikamoo kwanza, halafu useme ulisikia nini." La pili lilikuwa la Lukas, fundi wa Urambo, Mkristo mmoja mrefu mwenye utani: "Hata kwangu kuna vitu haviwaki, kimojawapo taa ya baiskeli. Fafanua ndugu." Niliona aibu wiki nzima. Lakini walinijibu, mnaona. Mtu mkali anayekujibu si adui yako. Yule asiyekujibu kabisa huenda ndiye uliyemuudhi.

Haya, nta.

Bwana, mtu wa huku kwetu na nta ni kama mtu wa pwani na nazi. Mkwe wangu alikuwa mrina asali, mizinga yake ilikuwa porini siku mbili kwa miguu, na akirudi kila nyumba inapata bonge la nta. Kibuyu kikipasuka unaziba kwa nta. Debe linavuja, nta. Uzi wa kushonea ngozi unapakwa nta. Nani Unyamwezi hajawahi kuziba kitu kwa nta? Basi siku moja bomba la dizeli likaanza kuvuja pale linapotoka kwenye tangi. Washa ya shaba, ile pete ya kubana maungio, imekwisha, ya kubadilisha haipo mpaka sijui lini. Dizeli yenyewe ya kugombania, inadondoka tone tone ninaitazama. Mke wangu Mwamvita alikuwa ameniletea uji pale kwenye banda la mashine. Nikamwambia kaniletee nta ya baba yako. Nikaisokota na uzi wa pamba, nikaziba nje, na kwa kuwa napenda kazi imara nikabandika bonge lingine kwa ndani, kwenye tundu la tangi. Kukawa kukavu. Nikajisifu. Mwamvita akasema, "Mzee Kitwana alikufundisha hivyo?" Nikamwambia hii ni akili ya kwangu.

Siku kama nane hivi, mashine inasaga vizuri. Halafu baridi ya mwezi wa saba ikaingia.

Asubuhi moja nazungusha hendeli, injini inapiga mara mbili, tuf, tuf, inatoa moshi mweupe, inakufa. Nazungusha tena, tuf, imekufa. Mikono ikavimba. Kina mama wako nje na vikapu vya mtama na mahindi, wamejifunika khanga mbili mbili. Jua likapanda, nikajaribu saa sita, ikawaka. Dhaifu, lakini ikawaka. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile. Akasema Mama Kulwa, ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kwenye foleni na wa mwisho kunyamaza:

"Fundi, hii mashine inaamka saa ngapi? Tuje tuipigie ngoma?"

"Inaamka jua likipanda, Mama Kulwa."

"Kumbe wameileta kutoka ukoo wa mume wangu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, huku jasho linanitoka kwenye baridi. Kwa sababu nilikwenda kutazama ile nta na sikuikuta. Ya nje ilikuwa imebaki uzi mtupu. Ya ndani haipo. Na chujio lilikuwa na utelezi mweupe kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda.

Mtaniuliza, sasa si ulishajua? Nilijua na sikujua. Nililiosha chujio, nikakata washa ya ngozi nikaiweka mahali pa nta, nikajiambia jambo limekwisha, kama kuna ugonjwa basi ni mwingine. Mtu akiwa na hofu anakuwa mwanasheria wa nafsi yake.

Nikapanda baiskeli mpaka Usoke, nikaandika swali zuri ajabu. Salamu mstari mmoja. Inapiga mara mbili, moshi mweupe, asubuhi haiwaki, saa sita inawaka, kugonga hakuna, nimesikiliza kwa mpini. Lingeweza kufundishiwa darasani lile swali. Mwisho, kama desturi ya daftari, unaandika ulichogusa kabla ya ugonjwa kuanza. Peni ikasimama. Nilifikiria Mzee Kitwana anasoma neno nta. Nilifikiria Lukas anacheka mbele ya watu Urambo. Nikaandika: "Sikugusa kitu."

Maneno mawili. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote yaliyotangulia.

Treni iliporudi daftari lilikuwa limejaa. Watu wazima na kazi zao wamekaa kwenye mabenchi ya stesheni wakinifikiria mimi. Mmoja anasema pima valvu, mwingine anasema mgandamizo umepungua, badilisha ringi. Hamisi ameandika salamu mstari mmoja na ushauri mistari kumi na miwili, nikataka kulia. Mzee Kitwana aliandika: "Kama kweli hukugusa kitu, basi ni pampu ya dizeli imechoka yenyewe. Lakini inashangaza." Neno lile, inashangaza, nililisoma mara nyingi.

Nikafungua valvu. Nikafungua ringi. Nikatenganisha vitu vilivyokuwa vizima na kuvirudisha vibaya kuliko vilivyokuwa. Kila usiku, samahani, kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa sina hamu ya kula. Mwamvita ananitazama.

"Umewaambia habari ya nta?"

"Nta imeshatoka."

"Sikukuuliza kama imetoka."

Akarudi kwenye kinu chake. Siku zile alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba, mke wa mwendesha mashine anatwanga, na kila mtu anasikia.

Kisha akaja Mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anaogopa walio juu yake kama mimi nilivyokuwa namwogopa yeye. Akasimama mlangoni pa banda, hakukaa.

"Ndugu Athumani, nimeulizwa huko juu. Mashine ya wananchi, mpya, inalala kila siku. Wanauliza kama kuna mtu anaichezea."

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Kama yupo, Jumamosi ijayo kuna mkutano. Tutamtaja jina. Hujuma siku hizi haina msamaha."

"Hayupo, Ndugu Mwenyekiti."

"Wewe ndiye uliye karibu nayo, ndiyo maana nakuuliza."

Akaondoka. Nikaketi juu ya gunia la pumba. Vijana, ninyi mnaogopa kuonekana wajinga mbele ya watu wa mtandaoni. Ni hofu kubwa, siidharau. Mimi nilikuwa na hiyo na nyingine juu yake, kwamba upumbavu wangu utaitwa uadui. Na jinsi siku zilivyopita ndivyo lilivyokuwa gumu kusema. Siku ya kwanza ingekuwa, "Nilisahau kutaja." Siku ya kumi inakuwa, "Nilidanganya." Kitu ni kile kile, bonge la nta, lakini jina linabadilika kwa kukaa.

Halafu Lukas akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nainamisha kichwa. Nilikwenda stesheni, Sefu akanipa daftari na kifurushi kizito cha gunia. Ndani, pampu ya dizeli. Lukas ameandika: "Hii ni ya mashine yangu. Ijaribu wewe kwanza, kwako watu ni wengi kuliko kwangu. Nitakaa siku chache bila. Kina mama wa hapa ni wavumilivu, nadhani."

Nikaifunga ile pampu kwenye injini yetu. Na nikajidanganya tena, nikasema labda kweli ni pampu. Asubuhi nikazungusha hendeli. Tuf, tuf. Moshi mweupe. Kimya. Mama Kulwa hakufanya utani siku hiyo. Alijitwika kikapu chake akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Afadhali wangenitukana.

Treni iliyofuata nilimkuta Sefu anakunywa chai kwenye ngazi ya behewa lake.

"Shikamoo, Mzee Sefu."

"Marahaba. Urambo wanakuuliza wewe."

"Nani ananiuliza?"

"Kina mama wa kwa Lukas. Wanauliza huyo mtu wa Usoke ana undugu gani na fundi wao mpaka ang'oe moyo wa mashine yao amtumie. Wanatembea na nafaka mpaka kijiji cha pili. Nikawaambia simjui vizuri, nambebea daftari tu." Akanywa chai. "Pampu imefaa?"

Nikasema haikufaa.

"Basi iandike kwamba haikufaa, wenzako wanangoja."

Nikakaa kwenye benchi. Kwa siku kumi na sita watu wasionidai hata salamu walikuwa wakinitumikia, na sasa wanawake wa Urambo ambao siwajui kwa sura wanatembea na vikapu kwa maneno yangu mawili.  Niliandika hivi, nayakumbuka yote: "Wenzangu, shikamooni. Niliziba bomba la dizeli kwa nta, nje na ndani ya tangi, siku nane kabla ya ugonjwa. Nta imeyeyukia kwenye dizeli. Niliwaambia sikugusa kitu. Ni uongo. Pampu ya Lukas haina kosa, nimeichafua na yenyewe." Nikataka kuacha bila jina, maana mwandiko wanaujua. Sefu alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma polepole kwa midomo.

"Jina," akasema.

Nikaweka jina. Akapuliza filimbi.

Ile safari ya kurudi na baiskeli sikumbuki njia. Nilingoja siku tatu. Kungoja jibu baada ya kusema ukweli ni kazi nzito kuliko kungoja baada ya kusema uongo, maana sasa huna pa kujificha. Nilifikiri watalifuta jina langu. Nilifikiri Mzee Kitwana atamwandikia Mwenyekiti.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Athumani, marahaba. Ni nta. Ikipata baridi inaganda kwenye chujio na kwenye nozeli inayonyunyiza dizeli, jua likipanda inalainika. Mwaga dizeli yote. Tangi, bomba na nozeli vimwagie maji ya moto sana, vikaushe juani, halafu suuza na mafuta ya taa mara tatu. Pampu ya Lukas nayo isafishe hivyo, kisha umpelekee kwa mkono wako. Usimpe Sefu."

Hakuna neno la kunilaumu. Nililitafuta, nikageuza na ukurasa wa nyuma.

Nilifanya kama alivyosema, kutwa nzima, Mwamvita ndiye aliyekuwa anachemsha maji. Zile takataka zilitoka kama ukoko wa uji. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, baridi kali, nikatia pampu yetu, nikazungusha hendeli mara moja. Iliwaka kabla sijaachia mkono.

Bado kulikuwa na Jumamosi. Nilimtangulia Mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya mkutano, nikamweleza yote nimesimama. Akaniuliza:

"Nta ya nani?"

"Ya mkwe wangu."

Akatazama pipa lake la maji lililokuwa pembeni ya ukuta. Na mimi nikalitazama. Lilikuwa na kiraka cha nta ukubwa wa kiganja.

"Hilo ni la maji," akasema. "Halina injini." Na mkutanoni alitaja kwamba mashine imepona, akapita kwenye ajenda ya pamba. 

Kwa Lukas nilikwenda na treni, pampu mapajani kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mrefu kweli, ameketi mbele ya banda lake lililofungwa, anashona ndala.

"Wewe ndiye Athumani?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, kaka Lukas. Naomba radhi."

"Radhi yako nimeisoma kwenye daftari. Ifunge hiyo pampu, funga wewe." Akawaita kina mama waliokuwa jirani. "Njooni mumwone mtu wa Usoke."

Nikaifunga mbele yao, boliti moja baada ya nyingine, wamesimama wamefunga mikono vifuani. Mmoja akasema, "Kumbe ni mdogo hivi." Lukas akaangua kicheko mpaka akashika ukuta, na mashine ilipowaka akaniwekea ugali. Tukawa marafiki mpaka alipofariki. Ila kwa muda mrefu kila nikiandika swali kwenye daftari, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujibu, na jibu lake lilianza hivi: "Kwanza tuambie, umegusa nini leo?"

Ningeweza kuishia hapa, na mngeona nimetoka salama. Sikutoka salama hivyo.

Baridi ilikuwa inakaribia kwisha, Sefu akanipa daftari nikakuta mwandiko mgeni, herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima, kutoka kituo kimoja kidogo mbele ya Kaliua. Sikuwa najua kama kuna fundi pale. Kumbe wako watu wa namna hiyo, ninyi mnao pia, Zuhura ameniambia: wanasoma kila siku na hawaandiki, kwa woga wao. Aliandika:

"Mimi sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mashine yangu ilianza kufa asubuhi, na mimi nilikuwa nimeziba kwa nta. Nikashuku nta. Halafu nikasoma ya mtu wa Usoke, ugonjwa ni ule ule na yeye hakugusa kitu. Nikajua nta yangu haina kosa. Bomba likavuja tena, nikaongeza. Nikaongeza tena. Sasa haiwaki hata saa sita. Nimesoma kwamba alidanganya, lakini yangu imezidi, maji ya moto hayatoshi. Nifanyeje?"

Nilisoma nimesimama. Nikakaa nikasoma tena. Lukas alijua anamsaidia nani, alichagua. Huyu hakuniomba lolote, wala mimi sikujua kama yupo. Alikuwa amekaa kimya kwenye benchi la stesheni yake anajifunza kutoka kwangu.

Peni nilikuwa nayo mkononi na sikuandika. Nilimwomba Sefu aningoje dakika tano. Akasema treni haimngoji mtu. Nikampa baiskeli yangu stesheni masta anitunzie, nikamwagiza mtu ampelekee Mwamvita habari, nikapanda behewa la gadi vile nilivyo, na dumu la mafuta ya taa nililokuwa nimetoka kulinunua pale Usoke.

Nilimkuta mzee wa kunizaa, kipara, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Tangi lilikuwa chini, amelipasua mdomo. Kina mama wake walikuwa wameacha hata kupanga foleni. Alinitazama na dumu langu.

"Wewe ndiye hukugusa kitu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. "Ndoo ile pale."